Jumatano nasema hivi, Jumapili nasema vile: mwanafunzi kanibana, nimjibu nini?

MwlUyole
Wakuu, poleni na baridi. Nafundisha baiolojia kidato cha nne huku Uyole, na Jumapili nafundisha vijana kanisani. Miaka sita sikupata shida, maana makundi haya mawili hayakuwahi kukutana. Mwaka huu yamekutana: binti mmoja ninaye kote kuwili. Juzi kanisani, niko katikati ya siku sita za uumbaji, akanyoosha mkono: "Mwalimu, Jumatano ulituambia Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, ana miaka milioni 1.75. Leo ni Adamu. Tushike ipi?"

Nikamwambia, kwenye mtihani andika ya Jumatano. Kundi zima likacheka. Yeye hakucheka.

Jioni baba yake kanipigia: eti namfundisha mwanawe kuwa babu yake ni nyani. Mzee wa kanisa naye kaniita Jumamosi. Siyo kwamba nina shaka na Mungu. Nikipanda Ngozi nikaliona lile ziwa limelala kwenye mdomo wa volkano, namshukuru Muumba na volkano naiona vilevile. Ila kumweleza hilo binti wa miaka 17, maneno yananiishia. Nisaidieni, matusi wekeni akiba.

Mbozi_Kwetu
Walete Ndolezi waone kimondo. Chuma cha tani kama 16, kimetoka angani. Waguse kwanza, mabishano baadaye.

Mlinzi wa Neno
Biblia imesema siku sita, basi ni sita. Anayetaka mamilioni abaki hukohuko Olduvai. Mwalimu, chagua upande.

DadaTukuyu
Mlinzi, kaka yangu, jua limewekwa siku ya nne. Zile tatu za mwanzo zilikuwa za namna gani? Augustino, yule mwalimu wa kale wa Kanisa, alihangaika na swali hilo takriban miaka 1,600 iliyopita, na Darwin hakuwepo wa kumpotosha. Tena soma Mwanzo 1, wanyama wanamtangulia mtu; geuza ukurasa, sura ya 2, mtu anawatangulia wanyama. Waliozipanga pamoja hawakuwa vipofu.

Sasa wewe mwalimu. Sayansi haisemi tumezaliwa na nyani hawa wa leo. Inasema sisi na wao tuna mzee mmoja wa zamani mno. Yule kima aitwaye kipunji aliyetambuliwa na watafiti Rungwe mwaka 2003 ni ndugu wa mbali, siyo babu. (Usidhani hilo litamtuliza baba yake.)

Halafu msimulie huyo binti habari za Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akasema ulianzia kwenye kitu kimoja kidogo, ndiyo mbegu ya nadharia ya mlipuko mkuu. Mwaka 1951 Papa Pius XII akaipokea sayansi hiyo kama ushahidi wa uumbaji. Aliyekosa raha ni padri mwenyewe! Kwake hesabu zile hazikuwa za kumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Na mimi naongeza: nadharia hurekebishwa. Ukiitundika imani yako pale, siku msumari ukihamishwa utaokota vipande.

Kufundisha kote kuwili siyo kosa. Kosa ni lile jibu la mtihani. Ulimwonyesha kuna ukweli wa kupatia maksi na ukweli wa kumfurahisha mchungaji.

Abuu_Mwanjelwa
Hata kwetu Waislamu limo. Kurani inataja siku sita, na Surat Hajj inasema siku moja kwa Mola wako ni kama miaka elfu mnayohesabu. Kwa hiyo umri wa dunia hautusumbui sana. Ila ukifika kwa Adam, masheikh wengi hawasogei hata hatua moja. Jiandae kwa hilo.

MwlUyole
DadaTukuyu umenichapa, ila ndaga fijo, asante sana. Jumapili namwomba radhi binti mbele ya wenzake, kwa lile jibu. Baba yake bado namwogopa. Mbozi_Kwetu, vijana 30, nauli analipa nani?

Mbozi_Kwetu
Kosta moja, wabanane. Mzee wa kanisa mkalishe mbele na dereva.