Naombeni ushauri: imani bado ninayo ila tumaini limekatika, nyie mnaishije nalo?

Sauti_ya_pili (mleta uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Nimekuwa nasoma humu kimyakimya muda mrefu, leo nimeona niandike maana haya mambo nikiendelea kukaa nayo moyoni yatanimaliza.

Mdogo wangu wa kiume alifariki miezi saba iliyopita. Aliumwa karibu mwaka mzima, tukafunga, tukaomba, mikesha ndo usiseme, na kuna mtumishi mmoja (sitamtaja) alimwekea mikono akasema Bwana amemwonyesha kwamba huyu kijana hatakufa, atasimama atoe ushuhuda, basi mimi nikalishika hilo neno nikaling'ang'ania hadi wiki ya mwisho, kila mtu mle chumbani anaona kabisa hali ilivyo mimi niko pembeni nakemea tu. Sikumuaga. Hilo ndo linaniuma kuliko yote. Kuna usiku alianza kuniambia "dada, nikiondoka..." nikamkatisha, nikamwambia usikiri mauti. Akanyamaza. Hakurudia tena.

Sasa sio kwamba nimemuacha Mungu. Naamini yupo, naamini Yesu alifufuka, ukiniuliza nakujibu bila kusita. Ila ile hali ya kutazamia mema imezimika kabisa. Kwaya naimba sauti ya pili, zikija nyimbo za tumaini nafumba mdomo nabaki kuyumba tu na wenzangu. Biblia yake ninayo mimi, Yeremia 29:11, ile aya ya tumaini, amepigia mstari kwa kalamu ya bluu na pembeni kaandika tarehe aliyopewa majibu ya vipimo. Nikifika hapo naifunga.

Hasa mliopitia, niambieni. Unaishije na tumaini baada ya lile ulilolitumainia kutotokea?

Askari_wa_imani

Pole sana dada. Ila tuambizane ukweli, Neno la Mungu halirudi bure, mahali fulani kuna mlango wa mashaka ulifunguliwa. Ongeza maombi, ikemee hiyo roho ya huzuni itatoka.

Mnyonge_bado

Askari, najua unaandika kwa nia njema lakini hapo umemwongezea mzigo mtu aliyeelemewa tayari. Fungua 2 Timotheo 4:20, Paulo anasema mwenzake Trofimo alimwacha mji wa Mileto akiwa mgonjwa. Paulo huyuhuyu ambaye kwenye Matendo ya Mitume vitambaa vilitoka mwilini mwake vikaponya watu! Na Timotheo anaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yanayomrudia mara kwa mara. Hakuna mahali Paulo anasema imani yao ilikuwa ndogo au kuna mlango uliachwa wazi, anaandika tu kama jambo la kawaida kwamba mwenzetu anaumwa, nimemwacha huko.

Dada pole mno. Mdogo wako hakufa kwa sababu wewe ulishindwa kuamini. Ulimpenda, ukaomba kwa kadiri ya nguvu zako zote.

Msomaji_wa_taratibu

Mleta uzi naomba nikushike mkono twende kwenye huo mstari wa kalamu ya bluu, maana naona ndipo ulipokwama, na mimi niliwahi kukwama hapohapo kwa mambo mengine.

Usianzie mstari wa 11. Anzia sura ya 28. Kuna nabii anaitwa Hanania, anasimama hekaluni mbele ya watu wote anasema Bwana ameivunja nira ya Babeli, ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vinarudi na mateka wote wanarudi. Watu waliopelekwa uhamishoni (hii ni baada ya mwaka 597 KK, mfalme wa Yuda, Yekonia, ameshachukuliwa Babeli) bila shaka walitamani hilo neno liwe kweli. Na Yeremia anamjibu nini? Anasema Amina, Bwana na atende hivyo. Hapo huwa nasimama kila nikisoma, yaani na yeye alitamani! Ila halikuwa neno la Mungu. Hanania akafa mwaka uleule, na miaka miwili ikapita bila mtu kurudi.

Ndo inakuja sura ya 29, ni barua Yeremia anawaandikia wale waliopelekwa uhamishoni. Anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, zaeni watoto, uombeeni amani mji mlikohamishiwa, maana itakuwa miaka 70. Sabini! Aliyeisoma hiyo barua akiwa mtu mzima alijua kabisa yeye harudi. Halafu sasa ndo mstari wa 11, mawazo ya amani, tumaini siku zenu za mwisho. Kwa hiyo hilo tumaini halikuwa la kukwepa msiba, waliambiwa wakiwa ndani ya msiba na wengi wao wakazikwa hukohuko Babeli kabla halijatimia.

Ninachotaka kusema, kuna kutarajia na kuna kutumaini. Kutarajia ni mimi na Mungu tunakubaliana kitu fulani kitokee siku fulani kwa namna fulani. Kutumaini ni kujikabidhi kwake hata nisipojua anafanya nini. Wewe walikupa tarajio wakalibandika jina la tumaini, lilipokatika ukaona vyote vimekatika. Huyo aliyekwambia hatakufa alisema alichotamani, kama Hanania, na sitaki nimhukumu zaidi ya hapo, ila Mungu asidaiwe ahadi ambayo hakuitoa.

Sauti_ya_pili

Msomaji nimesoma hii nikiwa kazini nikaenda kujifungia chooni. Sura ya 28 sijawahi kuisoma maisha yangu yote. Asante.

Ila bado lile la kumkatisha. Hata kama neno halikuwa la Mungu, mimi ndo nilimnyamazisha.

Mama_wa_wawili

Mwanangu, ngoja niseme kama mama, nilizika mume nikiwa na watoto wadogo wawili, sasa ni watu wazima.

Soma Yohana 11 ukijua kwamba Martha na Mariamu walikuwa dada waliofiwa na ndugu yao wa kiume, kama wewe. Wote wawili kwa nyakati tofauti wanamwambia Yesu maneno yaleyale, Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Mimi nasema waliyazungumza nyumbani hayo, siku nne wakiwa matangani wanayarudiarudia. Yesu hakuwakemea. Martha akapewa neno, mimi ndimi ufufuo na uzima. Mariamu hakuhubiriwa kabisa, alipomwona analia na yeye Yesu akalia. Na alikuwa anajua anakwenda kumfufua huyo ndugu yao Lazaro! Alijua na bado alilia. Sasa hiyo roho ya huzuni inayokemewa hapo juu ni ipi? Hata Paulo anapowaandikia Wathesalonike msihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hajasema msihuzunike akaishia hapo. Mwenye tumaini naye analia.

Kuhusu kumkatisha. Alianza sentensi na wewe ukaikata kwa hofu, hofu ya mtu anayependa. Hutajua alitaka kusema nini, usijidanganye kuitunga. Lakini ya kwako wewe unayajua, yale ambayo ungemjibu. Yaandike. Usimwandikie yeye, mwandikie Mungu ambaye mdogo wako yuko mikononi mwake, mwambie Bwana usiku ule nilitaka kumwambia hivi na hivi. Na kama ni kuomba msamaha omba humo humo, mara moja, halafu usijihukumu tena kila usiku. Mimi niliandika karatasi ya upande mmoja tu baada ya miaka miwili. Usingoje muda wote huo.

Zamu_ya_usiku

Nakuja na swali la kimwili kidogo, samahanini. Dada unalala? Unakula? Kuna mawazo ya kutaka na wewe usiwepo?

Nauliza kwa sababu nakaa na wagonjwa na ndugu wa wagonjwa kazini, na sisi walokole tuna tabia ya kuruka mwili tukaenda moja kwa moja rohoni. 1 Wafalme 19 nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, moto wa Mungu umeshuka juzi tu, halafu yuko chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate na maji, akala akalala tena, akaguswa mara ya pili, inuka ule maana safari hii ni kubwa mno kwako. Ile sauti ya utulivu ilikuja baadaye, siku arobaini mbele. Kwanza usingizi na mkate.

Sauti_ya_pili

Kulala ni shida, nashtuka saa tisa usiku hadi asubuhi. Kutaka kufa hapana, ila kuna siku naona kama ningeshukuru kutoamka.

Zamu_ya_usiku

Asante kwa kusema, sio rahisi. Hayo ya kushukuru kutoamka usiyachukulie kama mawazo ya kawaida, na miezi saba bila kulala vizuri si jambo la kuvumilia tu. Nenda kwa daktari wiki hii, mwambie neno kwa neno kama ulivyoandika hapa, na usiende peke yako. Yakizidi hata usiku wa manane piga simu kwa mtu wa karibu au nenda hospitali, usisubiri kuche. Kwenda kwa daktari sio kupungukiwa imani, Eliya hakukataa mkate.

Mvuvi_wa_pwani

Langu fupi. Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga ya roho. Mimi nimekua kwenye mashua, nanga haitulizi bahari. Mawimbi yanapiga vilevile, unalowa vilevile, unatapika vilevile, ila chombo hakipelekwi mwambani. Na nanga ikishika vizuri huioni, imezama huko chini, unachoona ni kamba imekaza tu. Wakristo wa kwanza kule Roma walichora nanga kwenye makaburi ya chini ya ardhi, pale walipolaza watu wao. Hawakuichora sehemu ya sherehe. Dada unasema unaamini Yesu alifufuka bila kusita, mimi naona hiyo ndo kamba yako, imekaza mpaka inauma. Haijakatika.

Askari_wa_imani

Dada nimerudi kusoma nilichoandika na nimeumia. Nisamehe. Sikuwahi kufiwa na mtu wa karibu na niliongea kama mtu asiyejua. Nakuombea, na safari hii naomba tu Bwana akae na wewe.

Sauti_ya_pili

Nimekusamehe kaka, hata mimi mwaka jana ningeandika hivyohivyo.

Sauti_ya_pili (wiki tatu baadaye)

Mrejesho wapendwa, niliahidi moyoni nitarudi.

Kwa daktari nilienda na rafiki yangu wa kwaya, nikamsomea hapa kwenye simu maana kusema kwa mdomo nilishindwa. Nimepewa dawa za muda na mtu wa kuzungumza naye kila Alhamisi, tumeshakutana mara mbili. Nalala hadi saa kumi na moja sasa, sio kila siku.

Barua niliandika. Nilidhani itakuwa ndefu, ikawa nusu ukurasa, nimeiandika kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa Biblia yake kwa kalamu ya bluu. Nilimwambia Mungu kwamba usiku ule nilitaka kumwambia mdogo wangu naogopa. Basi. Miezi yote hii nilidhani nilitaka kumwambia jambo kubwa, kumbe ni hilo tu, naogopa kubaki bila wewe. Nililia hadi nikasinzia pale pale sakafuni.

Yeremia 29 naisoma kuanzia mstari wa 4 sasa, polepole, sijapita ule wa kupanda bustani maana huo nao una mambo yake. Na kiongozi wa kwaya nilimweleza, nikamwambia nitoke kwa muda, akasema hapana, simama hapo hapo kwenye nafasi yako, ukishindwa kuimba sisi tutaimba na wewe utakuwa umesimama kati yetu. Jumapili iliyopita kuna wimbo una neno "atafufuka" kwenye ubeti wa tatu. Beti mbili nilinyamaza. Hilo neno nililiimba, sauti ilikwaruza, aliyekuwa kushoto kwangu akanisogelea bega.

Alhamisi naenda tena. Mama wa wawili, nikuulize, ile karatasi yako uliitunza au uliichoma?