Mbudya na Bongoyo: tupeane uzoefu wa kwenda visiwani

Wadau, habari za jioni. Jumamosi nimewapeleka watoto Mbudya kwa mara ya kwanza. Nimeishi Dar tangu 1998, kisiwa nakiona kila nikipita Kunduchi, na miaka yote nilidhani ni cha watalii. Kumbe ni dakika kama 20 tu kwa boti. Mchanga mweupe, mivinje, mibuyu, vibanda vya makuti, na maji ambayo unaziona kucha za miguu yako ukiwa umezama hadi kiunoni.

Binti yangu wa miaka 7 alijaza makombe mfukoni. Wakati wa kuondoka mhifadhi akachuchumaa mbele yake: "Mwanangu, kuna kaa wanahamia humu. Ukiondoka nayo watalala wapi?" Mtoto akayarudisha moja moja, la mwisho akalilaza taratibu kama anaweka yai. Mimi mtu mzima ndipo nikajua kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975. Huvui, huokoti kombe, huvunji tumbawe.

Aliyewahi kufika atuambie yaliyomkuta, hasa yale ambayo angependa kuambiwa kabla hajapanda boti.

Mdau wa Tabata: Mimi ni Bongoyo, tulipandia Msasani. Kosa langu lilikuwa kutoangalia maji. Ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, tumefika saa nne asubuhi, maji yamekupwa kabisa, nami nikaenda kutembea kwenye mwamba miguu mitupu. Nikakanyaga wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Miiba inakatikia ndani ya nyama, ukiichokonoa inazidi kuvunjika. Nilirudi nyumbani nachechemea, shangazi akanipaka utomvu wa papai bichi, kesho yake nikaweza kukanyaga chini. Kwa hiyo vaeni viatu vya majini, au kaeni upande wa mchanga. Na mjue hili: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hapa Dar maji hukupwa karibu saa nne na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Pangeni safari kwa kufuata hayo, msifuate saa ya kuamka kwenu.

Mdau wa Sinza: Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, visiwani hakuna kisima. Na msikubali boti isiyo na majaketi ya kuokolea. Sisi tulikubali kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Kurudi jioni upepo wa kusi umechachamaa, mawimbi yanaingia ndani, mdogo wangu amenishika mkono hadi kucha zikaniingia. Sitarudia.

Mdau wa Kunduchi: Baba yangu ni mvuvi. Utotoni tulikuwa tunasikia baruti zinalia baharini, madirisha yanatetemeka. Baruti haichagui: inaua mkubwa na kifaranga, wengi wanazama bila kuokotwa, na tumbawe likishapasuka samaki hawana tena pa kujificha wala kuzalia. Baba alinung'unika sana kuzuiwa kuvua karibu na visiwa, maana ndiko alikofundishwa na babu. Siku hizi akipata changu wakubwa nje ya mpaka anasema wamekulia kule ndani. Sijawahi kumsikia akisema hivyo zamani. Ndiyo maana nikiona mtu anatupa chupa ya plastiki pale Mbudya, naiokota mbele yake, na simwachi hivi hivi, namweleza.

Mdau wa Mbagala: Asanteni. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua. Boti inafika mchangani kabisa?

Mwanzisha mada: Hapana ndugu yangu, unashukia majini, sisi yalitufika magotini. Mpeleke siku ambayo maji yanajaa asubuhi, na muondoke mapema kabla ya upepo wa mchana. Ongea na nahodha kabla ya kulipa, awaandae vijana wawili wa kumshika mama kushuka na kupanda. Akishafika kuna kivuli cha kutosha, na samaki wanachomwa palepale. Bibi mmoja tuliyemkuta alikaa ukingoni mwa maji kutwa nzima, miguu imefunikwa mchanga, wajukuu wakimletea kaa awatazame kisha wanawaachia.