Kuhama kutoka Windows kwenda Mac kwa kazi ya kuhariri video za harusi: nihame au nibaki?

mhariri_mwanza aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu fedha niliyo nayo inatosha uamuzi mmoja tu, na sitaki kuufanya kwa kusikia maneno ya dukani.

Huu ni mwaka wa saba nahariri video za harusi, sendofu na kipaimara hapa Mwanza. Kompyuta yangu ni ya mezani, yenye prosesa ya Intel i7-7700, RAM ya gigabaiti 32, kadi ya grafiki ya GTX 1060, na diski mbili za kuzunguka za terabaiti 4 kila moja, ambamo miradi yote ya wateja imelala. Ninatumia Windows 10, na Premiere ndiyo programu niliyojifunzia kazi. Mashine hii haikuwahi kunisumbua mpaka niliponunua kamera ya Sony A7 IV. Tangu hapo, nikiweka klipu kwenye taimlaini na kubonyeza kitufe cha kucheza, picha inakwenda kwa kukwamakwama huku sauti ikitangulia, na nikipanga kamera mbili sambamba haiendi kabisa. Kazi ya siku nne sasa inanichukua siku tisa, na kamati ya harusi iliyonipa kianzio haitaki habari za prosesa. Inachojua ni kwamba maharusi wamekwisha rudi kutoka fungate na video haijaonekana.

Jambo la pili ni kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo kompyuta yangu haikubali Windows 11, kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha saba ilhali zinazokubaliwa, ukiacha chache sana, zinaanzia kizazi cha nane.

Rafiki yangu ananishauri niuze kila kitu, ninunue Mac mini, kompyuta ndogo ya Apple yenye chipu ya M4, kisha nihamie Final Cut, programu ya Apple ya kuhariri video. Nimeiona ikifanya kazi kwake na sikatai kwamba inapendeza. Hofu yangu ni miradi ya zamani, plagini (programu za nyongeza) nilizokwisha zilipia, diski zangu, na vidole hivi vilivyozoea Ctrl. Je, nihame, au nitafute kadi mpya ya grafiki nibaki nilipo?

bi_picha alijibu:

Kaka, mimi nipo Unguja, nilihama mwaka 2021 kwa Mac mini ya M1 na sijarudi nyuma. Kilichonifurahisha kuliko kasi ni umeme. Mac mini ya M4 hula wati 65 ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zake zote, bila kuhesabu kioo, ilhali kadi moja tu ya grafiki ya RTX 3060 imepimwa kula wati 170 peke yake. Umeme ukikatika nikiwa nimeshika kazi, UPS yangu ndogo, yaani betri ya akiba, inanipa nafasi ya kumaliza kutoa faili, si ya kukimbilia kuzima tu.

Vidole visikutie hofu, kwa sababu kwenye mipangilio ya kibodi unaweza kubadilishana Control na Command, na baada ya wiki mbili utakuwa umesahau. Ila mambo mawili uyashike. RAM ya mashine hizi haiongezwi baada ya kununua, kwa hiyo unayoichukua siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo. Na ukinunua iliyokwisha tumika, iwashe mbele ya muuzaji mpaka ifike kwenye skrini yake ya kazi, ukahakikishe imeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani. Ikiwa bado imefungwa, utakuwa umenunua kipande cha aluminiamu.

fundi_kodeki alijibu:

Kabla ya kuuza chochote, naomba utuambie kamera yako imewekwa kurekodi kwa muundo gani. Ninauliza kwa sababu dalili ulizozieleza nimeziona mara nyingi, na karibu kila mara chanzo kimekuwa menyu ya kamera, wala si Windows.

A7 IV inaweza kurekodi 4K katika muundo wa XAVC HS, ambao ndani yake ni HEVC, yaani H.265, njia ya kubana video ili faili liwe dogo, wa biti 10. Humo kuna chaguo la 4:2:2 na la 4:2:0. Tofauti yake ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa: mwangaza huandikwa kwa kila nukta ya picha katika miundo yote miwili, lakini rangi huandikwa kwa nusu ya nukta katika 4:2:2 na kwa robo katika 4:2:0. Kwa jicho la mtazamaji wa harusi tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwa kompyuta yako ni tofauti ya usiku na mchana, kwa sababu GTX 1060 ina sehemu maalumu ya kufungua HEVC ya biti 10 iwapo ni 4:2:0, lakini 4:2:2 haiijui. Ikikutana nayo huiachia prosesa, na prosesa ya mwaka 2017 yenye viini vinne inalazimika kufungua kila fremu kwa nguvu ya kawaida. Hapo ndipo mkwamo unapotoka.

Sasa, chipu za Apple kuanzia M1 zinaijua 4:2:2 ya HEVC, na ndiyo sababu kwa rafiki yako kila kitu kinateleza. Hakudanganyi. Ila si Apple peke yake inayoijua: prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, zinaifungua pia, na kwa upande wa NVIDIA uwezo huo ulikuja na kadi za RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo mtu akikuuzia RTX 3060 au hata ya mfululizo wa 40 kwa ajili ya tatizo hili, atakuwa amekuuzia kitu kizuri kisichotibu ugonjwa wako. Na ukienda Kariakoo kutafuta prosesa, angalia herufi iliyo mwishoni mwa jina. i5-12400 ina grafiki ya ndani. I5-12400F haina, na ni ya bei nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Nimeshuhudia watu wakifurahia punguzo la ile F, kisha wakarudi nyumbani na mkwamo ule ule.

Kwenye ubao mama ulio nao huwezi kupachika prosesa ya vizazi hivyo, basi ukibaki Windows jiandae kununua ubao mama, prosesa na pengine RAM mpya. Kadi ya RTX 50 ingeingia, lakini ungebaki na swali la Windows 11 palepale.

Fanya jaribio hili leo, halina gharama. Rekodi dakika tano kwa 4:2:2 na dakika tano kwa 4:2:0, zote XAVC HS 4K, uzipange Premiere kama unavyopanga kazi yako, kisha urudi utueleze.

msafiri_wa_kilindini alijibu:

Nami nilihama, kisha nikarudi Windows baada ya miezi minane, kwa hivyo sikiza na upande huu pia. Mashine yenyewe haikuwa na ila yoyote. Kilichonirudisha ni mambo ya pembeni ambayo hakuna aliyenitajia.

Diski zangu zote zilikuwa NTFS, yaani mpangilio wa mafaili wa Windows. Mac huzisoma, lakini kuandika juu yake haiandiki mpaka uweke programu nyingine, nami nafanya kazi na kijana mwengine mwenye kompyuta ya Windows, tunapeana diski kila siku. Tukahamia exFAT, ambayo pande zote mbili huisoma na kuiandika. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kunakili harusi ya watu wa Likoni, na diski ile haikufunguka tena kama kawaida. Mfumo wa exFAT hauweki kumbukumbu ya hatua za uandishi kama NTFS, hivyo kukatizwa kunaweza kuuharibu vibaya. Picha tulizipata, alhamdulillahi, kwa kuwa kadi za kamera hatukuwa tumezifuta.

Jengine ni miradi. Faili la mradi wa Premiere hufunguka kote kuwili, na leseni yako ya malipo ya kila mwezi haibagui Mac na Windows, hivyo hulipi upya. Lakini klipu zitaonekana zimepotea kwa kuwa Mac haina D: wala E:, itakubidi uzielekeze zilipo, na plagini zilizotengenezwa kwa Windows pekee hutaziona. Miye vichwa vya majina ya maharusi nilivyovizoea vilikuwa vya Windows tu. Mteja akirudi baada ya mwaka kutaka nakala iliyobadilishwa jina la shangazi, ndipo utakapojua thamani yake.

mzee_wa_kaseti alijibu:

Wanangu, mimi naongezea moja kuhusu Final Cut, kwa sababu rafiki wa kijana huyu ameunganisha maamuzi mawili kana kwamba ni moja. Kununua Mac ni jambo moja, kuhamia Final Cut ni jingine.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Final Cut Pro 7 pale Apple ilipotoa Final Cut Pro X, Juni 2011. Toleo jipya halikuweza kufungua miradi ya toleo la zamani, na uhariri wa kamera nyingi haukuwemo mwanzoni. Ulirejeshwa baadaye, na leo ni programu nzuri ya dola 299.99 za mara moja, bila kodi ya kila mwezi. Lakini mwaka ule tulikuwa na kazi mikononi, na wengi tulikimbilia Premiere. Tangu hapo siweki miradi yangu katika programu inayoishi kwenye mashine za kampuni moja tu.

DaVinci Resolve inafanya kazi Windows, Mac na Linux, ina toleo la bure, na lile kamili la Studio ni dola 295, nalo hulipiwa mara moja. Kijana akitaka kuhama programu, ahame kwa hiyo akiwa bado kwenye mashine anayoijua, ajifunze kwa harusi moja ndogo. Asijaribu toleo la bure kwenye Linux kwa kukwepa gharama ya Windows 11, kwa maana huko halifungui H.264 wala H.265, na hayo ndiyo mafaili ya kamera zetu.

mhariri_mwanza alijibu:

Mzee, shikamoo. Wengine wote, asanteni sana.

Nimefanya jaribio. Kamera ilikuwa kwenye 4:2:2, fremu 50, megabiti 200 kwa sekunde. Ndivyo nilivyowekewa siku ya kununua na sikuwahi kuigusa. Ni gigabaiti 90 kwa saa moja, na sasa naelewa pia kwa nini diski zinajaa upesi. Klipu za 4:2:0 zimecheza bila kukwama, na kamera mbili sambamba zimekwenda vizuri nilipopunguza ubora wa kuonesha hadi nusu. Nimekaa nikacheka peke yangu, maana nilikwisha mpata mteja wa kompyuta.

Zile harusi tatu zilizokwisha rekodiwa kwa 4:2:2 nazitengenezea proksi usiku huu nikilala, nizihariri kwa nakala nyepesi, kisha nitoe kwa zile asilia.

Suala la Windows 10 bado lipo, kwa hiyo mashine nitabadilisha tu, ila baada ya msimu wa Desemba. Kwa kuwa diski zangu zote ni NTFS na mdogo wangu ananisaidia kwa kompyuta yake ya Windows, naelekea kwenye prosesa ya Intel isiyo na ile F. Bi_picha, umeme umenigusa, nitalinganisha bei za Januari kabla sijafunga uamuzi.

fundi_kodeki alijibu:

Vyema. Mfikishie na mpiga picha wako wa pili asibaki kwenye 4:2:2. Na ukipata harusi yenye kazi ya pazia la kijani nyuma, hapo irudishe, kwa sababu kukata kingo za nywele na shela kunahitaji ile rangi ya ziada.