Tupeane uzoefu: bia ya kwanza ya nyumbani iliyogoma kuchachuka, au iliyochachuka vibaya

Mdau wa Nyegezi (mwanzisha mada)
Ndugu zangu wa Mwanza na mwambao wote wa ziwa, naomba tukusanye hapa yaliyowapata waliojipikia bia ya kunywa nyumbani kwa mara ya kwanza. Ndoo yangu ya lita 20 ilitoa povu kwa fujo usiku wa kwanza, kesho yake ikanyamaza, na nilipoonja nilikutana na ukali wa spiriti uliochanganyika na harufu ya ndizi mbivu. Jirani alisema hamira imekufa. Haikufa, ilikimbiza kazi, kwa kuwa chumba kilikuwa na nyuzi 28, na uchachukaji wenyewe huzalisha joto, hivyo ndani ya ndoo kulikuwa na moto zaidi, ilhali hamira nyingi za bia ya aina ya eli hutulia kati ya nyuzi 18 na 22. Maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hangaiko lao ni kuipasha ndoo joto.

Mdau wa Igoma
Mimi huisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji, nikaivika fulana ya pamba ambayo pindo lake linazama majini, kisha nikaielekezea feni. Maji yanayokauka kwenye kitambaa huishusha joto kwa nyuzi kadhaa. Masika, hewa ikiwa na unyevu mwingi, njia hii hulegea, na umeme ukikatika feni haipo, kwa hiyo huweka akiba ya chupa za maji yaliyogandishwa. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda. Baada ya hapo joto likipanda kidogo halina madhara makubwa.

Mdau wa Magu
Naomba nizungumzie mtama, kwa sababu shayiri iliyooteshwa huku haipatikani kirahisi. Nilifuata kipimo cha shayiri, yaani kuloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja, nikapata maji mepesi yasiyo na utamu, na hamira haikuwa na cha kula. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto la juu kuliko wa shayiri, mara nyingi zaidi ya nyuzi 70, na joto hilo huanza kuviua vimeng'enya vilevile vinavyotakiwa kuugeuza wanga kuwa sukari. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kushika kipimajoto, alinicheka, kwani wao hupika kwanza uji wa unga wa mtama ukaiva kabisa, wakauacha upoe kiasi, ndipo wakatia unga wa kimea. Nilipofanya hivyo utamu ulikuja wenyewe. Kwa maoni yangu, anayeanza na mtama awasikilize wazee kabla ya kufungua intaneti.

Mdau wa Kirumba
Nawasihi msihukumu kwa mapovu ya kwenye mpira wa kutolea hewa. Mfuniko ukivuja kidogo, hewa hupitia huko na ndoo huonekana imekufa huku inafanya kazi. Tumieni haidromita, yaani kipimo kinachoelea ambacho namba yake hushuka kadiri sukari inavyoliwa: ikianza 1.048 na siku kadhaa baadaye ikasoma 1.012, bia imechachuka, iwe ilitoa mapovu au haikutoa. Vingi vya vipimo hivyo vimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwenye joto letu husoma pungufu kidogo.

Mdau wa Sengerema
Chupa zangu mbili zilipasuka kabatini. Bia ilitiwa chupani kabla sukari yake haijaisha, kisha ikaongezwa sukari ya kuleta gesi. Sasa nasubiri kipimo kisome namba ileile siku tatu mfululizo, ndipo natia sukari ya gramu 6 au 7 kwa lita, iliyochemshwa na kuchanganywa vizuri.

Mdau wa Ukerewe
Ya kwangu ina utando mweupe juu na imeanza kuwa chachu. Je, inaokoleka?

Mdau wa Nyegezi
Dada wa Ukerewe, uchachu ukishaingia hautoki. Ni bakteria au hamira pori, nao hupenda ndoo yenye mikwaruzo na mfuniko unaofunguliwa kila mara. Imwage, na ndoo iliyochubuka iachie kazi ya kuchotea maji; nunua nyingine, iloweke kwenye dawa ya klorini, kisha isuuze kwa maji yaliyochemshwa.