PCM, Hesabu C, Fizikia D, Kemia E: digrii ya hisabati nitapata?

mwanapwani_23: Wakuu habari zenu, matokeo ya form six nimepata Hesabu ya advansi C, Fizikia D, Kemia E. Nataka kusoma hisabati yenyewe kabisa, sio uinjinia, sasa home wananicheka eti utafundisha chekechea, naomba mnipe ukweli nina chansi au nijipange upya?

Kaka Mzee: Dogo tulia. Kwa hesabu za TCU (tume ya vyuo vikuu) A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kima cha chini ni pointi 4 za masomo mawili, wewe C na D ni 5 tayari, kwa hiyo mlango umefunguka. Ila kukidhi vigezo sio kuchaguliwa, wakijaa wanaanza na wenye A, so usiaplai chuo kimoja cha mjini halafu ukae unasubiri.

dada_takwimu: Na soma gaidibuku ya TCU mstari kwa mstari, kila kozi ina masharti yake. Angalia pia takwimu, au sayansi pamoja na ualimu wa hesabu, ushindani unatofautiana. Mimi niliingia na C hiyohiyo, mwaka wa kwanza kilichonitoa jasho ni kuthibitisha vitu, form six tulizoea kukokotoa tu.

mwanapwani_23: Asante dada, kuthibitisha ndo napenda mwenzio 😂 Na mkopo je?

Kaka Mzee: HESLB, yaani bodi ya mikopo, unaomba kivyake, cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa mapema RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo.