Naenda Fiji Februari, mvua ikiwa kileleni. Nepi zitakaukia wapi?

Bibi wa Ipagala

Habari zenu wakuu. Mimi ni mama wa miaka 58, nauza nafaka hapa Ipagala, Dodoma. Binti yangu wa pili aliolewa na kijana wa Fiji waliyekutana masomoni, wanaishi Suva. Anatarajia kujifungua katikati ya Februari na mkwe ameshanikatia tiketi nikakae na mzazi mpaka arobaini iishe.

Kila ninayemuuliza ananiambia usiende Fiji kati ya Novemba na Aprili, ni msimu wa mvua na vimbunga, nenda Juni. Sasa mtoto ataambiwa asubiri Juni?

Mvua ninayoijua mimi ni hii ya kwetu. Inapiga saa moja, korongo linajaa, watu wanakwama ng'ambo, kesho yake vumbi. Nepi za wanangu wote wanne nilikuwa nazianika juu ya michongoma, naingia kuchemsha chai, nikitoka zimekauka zimekuwa ngumu kama kadibodi. Huko nasikia inanyesha siku tatu mfululizo. Nepi za kichanga zinakaushwaje? Na hivyo vimbunga, mtu unajificha wapi? Pia nataka kubeba mlenda mkavu, unga wa uwele na karanga, maana binti amesema hamu imemzidi. Aliyewahi kufika anisaidie.

Mtumba Kila Siku

Shikamoo mama. Nilisoma Suva miaka miwili, sasa nipo huku kwenye ofisi za Mtumba nakula vumbi kama wewe.

Kwanza elewa kwamba kisiwa ni kimoja ila mvua ni mbili. Ndege itakushusha Nadi, upande wa magharibi, kwenye mashamba ya miwa. Utakuta jua na utasema tumekudanganya. Kutoka hapo mpaka Suva ni karibu kilomita 200 za lami kando ya bahari. Kadiri unavyoelekea mashariki kijani kinazidi kukolea, na ukifika Navua, kama bado hujafungua mwavuli basi una bahati. Ni kama Uluguru tu. Upepo wa baharini unagonga milima, upande unaotazama bahari unalowa, wa nyuma unabaki na makombo. Suva inapata karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Dodoma yetu ni 500 na kitu, tena mwaka ukiwa mzuri.

Ila mvua yenyewe haitakusumbua mama. Ni ya uvuguvugu, watu wanatembea ndani yake wanaongea. Kinachotesa ni unyevu. Mchana nyuzi 30 au 31, usiku haishuki sana chini ya 24, na hewa imejaa maji. Nilikwenda na mkanda wa ngozi niliununua Sabasaba hapo mjini. Nikautundika nyuma ya mlango, wiki ya pili nautafuta naukuta una manyoya ya kijani kama umeota majani. Viatu vya ngozi hivyo hivyo. Chumvi inaganda kwenye kikopo, biskuti ukifungua usiku asubuhi zinapindika. Pasi ya kusafiria niliiweka kwenye bati la maziwa ya unga pamoja na mchele mkavu, ikarudi salama.

Kuhusu nepi: usiku tumieni za kununua, za kutupa, msione aibu. Za kitambaa mfue alfajiri mziwahi, maana mara nyingi asubuhi kunakuwa na upenyo. Kamba ifungwe barazani chini ya paa, feni ielekezwe hapo, halafu kila nepi ipigwe pasi ya umeme kabla haijamgusa mtoto, hata kama ukiishika unaona imekauka. Beba kanga, acha vitenge vizito.

Mlenda, sasa. Visiwa vile ni wakali sana kwa mbegu, mboga kavu, nyama, chochote cha shambani. Andika kila kitu kwenye fomu ya uwanjani. Ukitaja, kibaya zaidi watauchukua. Ukificha ni faini.

Na uliza mapema ndege inapitia wapi. Kama ni Australia, Mtanzania anahitaji viza hata ya kupita tu.

Kapera wa Kikuyu

Yaani mtu utoke Dodoma, usafiri siku mbili, ukakae ndani kuangalia mvua? Mama mwambie mkwe abadilishe tarehe. Juni mpaka Septemba ndiyo watalii wanaenda, bahari imetulia, unaogelea.

Bibi wa Ipagala

Mwanangu Kapera, oa kwanza halafu turudi kwenye mada. Nani kakwambia naenda kuogelea?

Mtumba, asante sana. Hilo bati la mchele nimelielewa.

Nesi Mstaafu

Bibi mwenzangu, hongera ya mjukuu. Mimi nina neno moja la afya ambalo watu hawalifikirii.

Fiji hakuna malaria. Mbu wapo tele, tena msimu huu ndio wanazaliana, ila wao wanaleta dengue, na wanauma mchana. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, mfunike mtoto hata anapolala saa nne asubuhi. Mtu akipata homa huko asimeze diklofenaki wala aspirini, maana dengue inaweza kuleta kutokwa damu. Paracetamol tu, na hospitali.

Sasa wewe mwenyewe. Ukipata homa wiki za mwanzo, mwambie daktari kabla hajakuuliza: natoka Tanzania, nipime malaria. Unaweza kuwa umeondoka nayo hapa, na daktari wa kule hana sababu ya kuiwaza. Atakutibu dengue huku malaria inapanda kichwani.

Maji ya mafuriko usiyakanyage peku. Kuna ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya, na huko mvua kubwa zikipita unajitokeza. Kadi ya manjano usiisahau.

Mtu wa Mafia

Mimi mzaliwa wa Mafia, kazi ndiyo imenileta huku bara. Nataka kumjibu bibi kuhusu kimbunga, maana wa Dodoma mnakiogopa kama jini.

Mei 2024 Hidaya ilipotusogelea, nyumbani tulikuwa na siku kadhaa za kujiandaa. Kimbunga hakiji kama mwizi. Kinatangazwa, kina jina, kinafuatiliwa kwenye ramani. Wenzetu wa Fiji wamezoea kuliko sisi, tena kituo kinachofuatilia vimbunga vya eneo lao kipo hapo hapo Nadi. Msimu wao rasmi ni Novemba hadi mwisho wa Aprili, ila miaka mingi Suva inapitiwa na mvua na upepo tu.

Lakini sikufichi, wakati mwingine ni kweli. Winston ya tarehe 20 Februari 2016 iliua watu 44, na kisiwa cha Koro nyumba zililala chini. Kwa hiyo ukifika muulize mkwe mambo matatu: mnakimbilia shule gani, maji ya akiba yapo wapi, redio ina betri? Upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba usitoke nje kushukuru. Hiyo ni jicho lake, nusu ya pili inakuja kutoka upande mwingine.

Bibi wa Ipagala

MREJESHO. Nimerudi wiki iliyopita, mjukuu ni wa kike, kilo tatu na robo.

Mlenda nilifika nao mpaka uwanjani Nadi. Nikaandika kwenye fomu kama Mtumba alivyosema. Kijana akafungua mfuko, akanusa, akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni mboga. Akasaga kidogo kwenye vidole, akamwita mwenzake naye akanusa. Ukabaki, na karanga zikabaki, ila faini hakuna. Binti alilia kweli. Bahati nzuri mama mkwe wake anapika rourou, majani ya magimbi kwa tui la nazi, yanateleza kidogo. Ukifumba macho unaweza kujidanganya.

Kimbunga hakikuja. Mvua ilikuja. Siku ya kwanza ilianza tukiwa mezani, nikakimbilia nje kuanua nguo, mama mkwe akanishika mkono akanikalisha, akaendelea kula. Ilinyesha mpaka kesho yake jioni. Juu ya bati huwezi kusikia mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Nilisali nikidhani paa linaondoka, wenyewe walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanakunywa kava kwa kifuu cha nazi. Unapiga kofi moja, unasema bula, unameza. Ulimi ukafa ganzi, na usingizi nikapata.

Nepi sasa. Baraza, feni, pasi, vyote tulifanya. Umeme ukakatika siku mbili. Mama mkwe hana maneno mengi, alichukua kamba akaifunga jikoni juu ya jiko la gesi, huku na huku, tukazitundika pale. Mtoto wa watu alikuwa ananukia samaki na nazi kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa. Kumkanda mzazi maji ya moto kwenye joto lile ndiko kulinishinda, tulikanda wote wawili tunatoka jasho, binti anasema mama basi, nami nilikuwa naomba aseme hivyo.

Kapera, bahari niliiona mara mbili, kwa mbali, ya kijivu.

Hapa nimekuta mvua zinaisha na kanga zangu nikifua saa tatu, saa nne nakunja. Binti anapiga simu saa tatu usiku, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho. Jana nilimuuliza nepi. Hakujibu, aligeuza simu nikaziona: kumi na moja, zimepangwa nyuma ya friji, na moja imefunika runinga.

Nesi Mstaafu

Na homa je, ulipata?

Bibi wa Ipagala

Sikupata hata mafua. Ila mkanda wa marehemu mume wangu niliofungia sanduku umeota ukungu.