Arusha: tupanue barabara au tuongeze saa za chekechea?

Mwanzisha mada: Wakuu, kila tukijadili usafiri hapa mjini tunaishia kwenye lami. Mimi nasema tuanze na saa za mtu.

Jirani yangu Moshono anauza mboga soko la Kilombero. Mtoto anamwacha chekechea saa 2 asubuhi, saa 6 mchana awe amemfuata. Ana saa 4. Daladala, pamoja na kuisubiri ijae, inamla dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Mezani anabaki na saa 2 na dakika 20. Lami mpya ikimwokolea dakika 10 kila safari, kapata dakika 20. Mtoto akikaa shule mpaka saa 8, kapata saa 2 nzima.

Wazo hili la zamani. Mwaka 1970 Torsten Hägerstrand, mwanajiografia wa Uswidi, alisema mtu hufungwa na vitu vitatu: mwili na chombo alichonacho, kulazimika kukutana na wenzake, na wenye mamlaka ya kufungua na kufunga milango. Wanaounda modeli za usafiri huchora kila mahali unapoweza kufika ukarudi kabla muda haujaisha. Kwa jirani yangu, ukienda Kilombero, Mount Meru hospitali huifikii tena siku hiyo.

Wa Tengeru: Lami usiidharau, mkuu. Kabla ya njia nne za Sakina–Tengeru, hizo kilometa 14.1, nilikuwa naamka saa 10 alfajiri. Sasa naamka saa 11.

Mwalimu: Huyo mtoto atakaa na nani mpaka saa 8? Na mimi nina wangu wa kufuata. Kamba umemfungua mama, umenifunga mimi. Halafu uji wa saa 4 haumfikishi mtoto saa 8. Nani anapika?

Mwanzisha mada: Hapo umenishika, mwalimu. Basi awekwe mlezi wa zamu ya mchana, alipwe. Bado naona ni nafuu kuliko kuvunja nyumba za watu.

Konda mstaafu: Mnazozana bure. Katika hizo dakika 50 za daladala, barabarani ni kama 25. Zilizobaki gari limesimama stendi linanguruma. Abiria wanafikiri tunapenda. Tajiri mwenye gari jioni anataka hesabu yake kamili. Nikiondoka na watu sita, nyingine naitoa wapi?